Afande Aliyekataa Watu Walale Chini ya Gari

Ukienda kwake na gari linalovuja, Afande hakukuuliza kwanza linavuja wapi. Aliuliza, "Nani aliingia chini kuangalia?" Ukijibu kwamba ni wewe mwenyewe, alikutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kama unavyomtazama askari aliyekuja kazini bila kofia, ndipo akaanza kuuliza habari za gari.

Tulimwita Afande kwa sababu alistaafu polisi, ambako aliendesha magari kwa miaka yote ya utumishi wake. Marehemu baba yangu naye alikuwa polisi, na mimi nilikulia kwenye laini, yaani kambi ya polisi, katika nyumba zile za bati ambako watoto wa Gulu, wa Arua, wa Soroti na wa Wanubi walicheza pamoja na kugombana kwa Kiswahili. Baadaye nilimaliza sekondari, nikashika usukani, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Nimepeleka saruji Juba, nimerudisha mbao kutoka Bunia, nimelala Malaba kwenye foleni ya mpakani zaidi kuliko nilivyolala kwenye kitanda changu. Kila nikirudi Kampala, kabla ya kupanda kwa dada yangu Lubaga, nateremka kwanza Namuwongo, upande wa juu wa reli, kwa Afande. Sababu yake sikuwa nikijiuliza. Nadhani nilitaka kusikia Kiswahili cha laini kikisemwa na mtu mzima.

Alikozaliwa na watu wa kwao sitaviandika, kwa sababu hata yeye hakuviongelea. Alichokiongelea ni pikapu yake.

Ilikuwa pikapu nyeupe ya zamani, ya petroli, iliyobeba viti vya plastiki na mahema ya harusi. Biashara hiyo ya kukodisha viti ilikuwa ya familia nzima: mkewe, Mama Zaina, Mnubi mwenye sauti iliyofika mpaka relini, alipokea wateja, binti yao Zaina, aliyekuwa amepita miaka thelathini, alipanga safari na kuendesha siku za Jumamosi, Afande aliendesha siku nyingine, na gari lilikuwa chini ya uangalizi wake peke yake. Hakuna gereji iliyowahi kuligusa. Oili alibadilisha mwenyewe, na alikuwa amelirekebisha gari lile ili kazi hiyo ifanyike mtu akiwa amesimama wima, na shati safi mwilini.

Nieleze kidogo, maana hapo ndipo ilipokuwa akili yake. Gari la kawaida lina bolti moja chini kabisa ya injini. Ili umwage oili kuukuu, unalala chali, unaingia chini, unafungua ile bolti kwa spana, na oili ya moto inakushukia kwenye kiwiko. Afande aliitoa ile bolti akaweka koki ya shaba, ya aina ambayo mkono wake ukizungusha robo tu unafungua au unafunga. Kwenye mdomo wa koki akavalisha mpira mnene uliotokeza kando ya gurudumu la mbele, ukaishia kwenye jerikani. Kwenye mkono wa koki akaunga fito ya chuma aliyoing'oa kwenye breki za baiskeli kuukuu, zile za vyuma badala ya waya, na hiyo fito ikapanda mpaka juu, karibu na betri. Ukifungua boneti unaiona, ina kipande cha mpira mwekundu mwishoni. Ukiivuta, oili inashuka. Ukiisukuma, imefunga. Halafu unachomeka pini ili isitikisike njiani.

Filta nayo aliihamisha. Ilikuwa imejificha ubavuni mwa injini mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauingii bila kuchubuka. Aliileta mbele kwa mipira miwili, akaisimamisha kwenye kipande cha chuma alichochongesha Katwe, na chini yake akaweka jerikani la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu, likawa sinia ya kukingia matone. Bamba la kulinda injini alilitoboa mlango mdogo, na mlango huo aliufunga kwa bawaba za dirisha. Koki yenyewe aliizungushia vyuma viwili vya pembe, alivyoviita ngao, kwa ajili ya mawe ya kwenye reli na matuta ya Bugolobi.

"Mimi si fundi," alipenda kusema. "Fundi analipwa. Mimi ni dereva mwenye hasira."

Zaina hakupenda kazi hiyo iendelee kuwa ya baba yake. Nyonga ya kushoto ya mzee ilikuwa imekwisha, na miaka ya karibuni alianza kupoteza vitu: miwani, simu, jina la mteja aliyeongea naye asubuhi. Siku moja mbele yangu, wakiwa wanapakia hema, Zaina alimwambia bila kupandisha sauti:

"Baba, tuelewane. Siku utakaposahau kitu kwenye hii gari, funguo zinakuja kwangu. Na mimi nikizishika, naiuza, nanunua ile ndogo ambayo watu wa gereji wanaijua."

"Nisahau nini?" Afande akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana inaitwa kusahau."

Mama Zaina alicheka mpaka akashika kiuno. Afande hakucheka. Alizunguka gari, akafungua boneti, akagusa kila kitu alichokuwa amekitengeneza, kimoja kimoja, akafunga. Kutoka siku ile nilijua anachopigania. Kama angeondolewa kwenye ile boneti, angebaki mzee wa kukaa kibarazani akihesabu treni, na treni zenyewe ni chache.

Hadithi ya karai inasimuliwa mpaka leo pale mtaani. Mama Zaina alikuwa anakaanga mandazi asubuhi, kabla biashara ya viti haijasimama vizuri. Afande alikuwa amenunua koki mbili kwa muuza vifaa vya mabomba ya maji, na akashikwa na wasiwasi: vifaa hivi vimezoea maji baridi, je, vitastahimili oili iliyochemka? Hakumuuliza mtu. Mkewe alipoingia ndani kuswali, yeye alizifunga zote mbili kwa waya akazitumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka, akavuta kigoda, akakaa na saa mkononi.

Mama Zaina alipotoka alisimama mlangoni, macho kwenye karai.

"Baba Zaina."

"Naam."

"Ni nini hiyo kwenye karai yangu?"

"Ni koki."

"Naona ni koki. Nauliza inafanya nini humo."

"Najaribu. Dakika arobaini bado."

"Wateja wangu wanakula mandazi! Hawali bomba! Toa!"

"Nikitoa sasa sitajua."

Wateja walisimama na shilingi zao mkononi wakisubiri ugomvi uishe. Afande hakutoa mpaka muda wake ulipotimia. Koki moja ilikuwa imelegea ndani, ukiizungusha inateleza kama jino bovu. Nyingine ilitoka kama ilivyoingia. Ile nzima ndiyo iliyofungwa kwenye gari. Ile mbovu Mama Zaina aliitupa ng'ambo ya reli kwa mkono wake, na mafuta yote ya karai akayamwaga. Akamwagiza mumewe akanunue mengine, naye akaenda, akanunua, akarudi, akaomba mandazi mawili.

"Ya jana," akaambiwa.

Aliyala ya jana.

Hakuwa na haraka katika kumwaga oili. Alipima muda kwa chai. Ukivuta fito, unakaa, unakunywa chai mbili, si moja, kwa mwendo wa kawaida, na kikombe cha pili kinapokwisha ndipo matone ya mwisho yanakatika. Ukija na haraka zako alikuambia, "Hiyo ya mwisho ndiyo chafu kuliko yote. Ukiiacha ndani, umebadilisha nini?" Kisha alichota tone kwa kidole, akalisugua kati ya gumba na shahada, akalinusa. Alidai anaweza kujua kama gari lilipita barabara ya vumbi ya Luweero au lilizunguka mjini tu. Mara moja nilimjaribu, nikamwambia lilikwenda Masaka, kumbe lilikuwa limekaa siku kumi bila kutembea. Alinusa, akasema, "Masaka? Masaka ya wapi? Hii ilikuwa imelala." Sijui alijua kwa oili au kwa uso wangu.

Alikuwa mtu wa mikinzano, na sitaki kumpaka rangi. Aliwafokea watu waliomwaga oili kuukuu mtaroni, akiwaambia maji yale yanashuka mpaka kwa watu wa bondeni wanaofua. Yake aliiweka kwenye majerikani, akawagawia waashi wa kupaka mbao za zege na watu wa kupaka nguzo ili mchwa wasizile. Lakini jioni alichoma mifuko ya plastiki nyuma ya choo na moshi wake ukaingia kwa wale wale watu wa bondeni. Alizitukana gereji zote, kisha kila siku ya Jumatano alikaa katika gereji moja karibu na viwanda vya Bugolobi kuanzia saa tatu mpaka mchana, akila karanga na kucheka na mafundi. Pikapu yake aliweza kumwazima jirani aende nayo mazishini Mityana, bila hata kuuliza itarudi lini. Spana namba kumi na saba hakumwazima mtu. "Gari itarudi," alisema. "Spana hapana rudi."

Na alikuwa mchoyo wa maelezo. Alikuonyesha kitu mara moja, kwa mikono, bila maneno, akiamini kwamba mwenye macho ameona. Hilo lilimletea matatizo na jirani mmoja, dereva wa taksi, zile basi ndogo za abiria, aliyekuja akachungulia koki, akasifu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili naye akawa na koki. Ila yake ilikuwa ya plastiki, ya tangi la maji, na ilining'inia wazi bila ngao. Ilidumu mpaka alipovuka reli na abiria tisa. Jiwe moja likaikata kama kucha. Oili yote ilimwagika kwenye mataruma, na kwa vile dereva alikuwa na redio juu hakusikia injini inalalamika mpaka ikakwama.

Nilikuwepo siku ile. Watu walijaa, kila mmoja na hukumu yake.

"Ni yule mzee wa polisi aliyemfundisha!"

"Koki kwenye injini! Banange, hawa watu!"

Afande alifika akichechemea na kamba ya kuvutia gari begani. Hakujitetea. Aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akaangalia plastiki iliyovunjika, akamwambia yule dereva, "Nilikuonyesha koki. Hapana kuonyesha wewe ngao. Nusu ya kosa ni yangu."

"Na hiyo nusu nyingine, Afande?"

"Hiyo nusu ni plastiki. Funga kamba."

Akaivuta ile taksi mpaka kwake kwa pikapu. Injini ile haikupona, ikabidi itafutwe nyingine Kisenyi, na Afande alisaidia kuifunga kwa siku nne bila kuchukua kitu. Baada ya hapo, aliyetaka kuona koki alionyeshwa pia ngao, pini, na aina ya shaba, na aliruhusiwa kupiga picha kwa simu. Lakini bado hakuongea. Alisimama tu kando, akielekeza kwa kidole kile ambacho picha yako haijakishika.

Sababu ya yote haya alinieleza mara moja tu, na hakunieleza kwa kupanga. Nilimkuta anasugua tupa kwenye kipande cha chuma, nami kwa mzaha nikamwambia kwamba kazi yote hii angeimaliza kwa kulala chini robo saa tu, kama watu wengine.

Akaendelea kusugua. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayetoa ripoti kaunta, kwamba walikuwa kwenye kituo kimoja cha kaskazini, wakati wa mvua. Landrova ilikuwa inahitaji kubadilishwa oili kabla ya doria. Walikuwa na jeki moja. Ardhi ilikuwa imelowa. Alikuwepo dereva mwingine, mdogo kwake kwa cheo, na ilikuwa zamu ya Afande kuingia chini, lakini alikuwa amevaa sare safi.

"Nilimwambia ingia wewe," alisema. "Akaingia. Jeki ikazama."

Akapuliza unga wa chuma kwenye tupa.

"Leta msasa huo," akasema. "Hapana, ule laini."

Nikampa. Hatukurudi kwenye habari ile tena, siku ile wala nyingine. Lakini tangu hapo nilipomsikia akiuliza "Nani aliingia chini?" sikucheka kama zamani.

Gari langu mwenyewe, salun kuukuu niliyoinunua baada ya kuchoka na malori ya watu, alilifanyia kazi hiyo bila mimi kuomba. Nililala kwake siku mbili nikiwa na homa, na nilipoamka nilikuta koki, ngao na pini. Alikuwa amelipandisha kwenye mbao mbili nene alizozichonga mteremko, maana jeki hakuitumia tena maishani mwake, na shimo dogo alilokuwa amelichimba uani lilimwezesha kufikia chini kwa mkono akiwa amekaa kwenye ukingo. Nimezunguka na gari hilo mpaka Nimule na mpaka Kisumu. Malaba, fundi mmoja Mkenya alipoona mpira unatokeza kando ya gurudumu alipasua kicheko.

"Boss, hii gari yako inakojoa kama ng'ombe!"

"Inakojoa mahali nataka," nikamjibu. "Yako je?"

Lake lilikuwa na doa la oili chini yake, sawa na sahani. Aliacha kucheka, akaniuliza koki niliipata wapi. Nikamwelekeza Namuwongo. Sijui kama aliwahi kufika.

Nilipokuwa mbali, katika nyumba za wageni ambazo ukuta wake ni mbao nyembamba, nilimkumbuka Afande zaidi kuliko nilivyomkumbuka baba yangu, na ilinisumbua. Baba alikuwa mtu wa amri. Afande alikuwa mtu wa kutafuta njia nyingine ya kufanya kitu kile kile. Ningekuwa na subira ya kukaa, labda ningejifunza hilo kwake. Lakini sikukaa.

Mara ya mwisho nilipomkuta akifanya kazi ile ilikuwa asubuhi, siku ya jua kali baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nimerudi kutoka Juba, safari ya miezi minane. Niliingiza gari uani nikamkuta amekonda, kola ya shati inacheza shingoni. Mama Zaina alikuwa amekwenda kwa ndugu zake Bombo. Zaina alikuwa upande wa pili wa ua, ameinama juu ya beseni, anasugua viti vya plastiki vilivyorudi na matope kutoka harusini. Viti vilikuwa vingi, na vilivyokwisha kuoshwa vilisimama kwenye mistari kwa ajili ya kukauka.

"Mtu wa barabara!" Afande akaniita. "Umekuja siku nzuri. Leo namwaga."

Boneti ilikuwa wazi. Aliondoa pini, akavuta fito, na oili nyeusi ikaanza kuongea ndani ya jerikani. Tukakaa. Chai ikaletwa. Akaniuliza habari za Juba, nami maneno yakanimwagika, kwa sababu miezi minane nilikuwa nimeongea na watu nisiowajua. Nilimweleza madaraja, vizuizi vya askari, mvulana aliyeniuzia kasuku asiyeongea. Alicheka sana kwa habari ya kasuku. Tukanywa chai mbili. Tukanywa na ya tatu.

Akainuka, akabadilisha filta, akafuta mikono. Akachukua oili mpya, galoni ya lita nne, akaimimina yote taratibu kwa faneli ya chupa ya maji iliyokatwa, akiwa bado anauliza maswali ya kasuku. Akachomoa kijiti cha kupimia. Akakifuta. Akakiingiza, akakichomoa tena.

Kilikuwa kikavu.

Alikifuta kwa mara nyingine, polepole, akakiinua kwenye jua. Mimi nilikuwa nimeshasikia. Kando ya gurudumu jerikani lilikuwa linaendelea kuongea, na oili ya rangi ya asali ilikuwa imefika shingoni, inaanza kutambaa juu ya ile nyeusi na kumwagika kwenye udongo.

Fito ilikuwa bado juu. Alikuwa hajaisukuma.

Alisimama pale na kijiti mkononi. Halafu akainyoosha mikono mbele yake akaitazama, yote miwili, kama inayodaiwa kitu.

"Zamani ilikuwa bolti," alisema kwa sauti ya chini. "Bolti unaishika mkononi mpaka umalize. Utasahau vipi? Iko mkononi. Hii yangu hapana kitu cha kushika."

"Afande, ni mimi," nikasema. "Nilikujaza kasuku kichwani."

"Si kasuku. Hii ni ya pili."

Nikageuka kumtazama Zaina. Alikuwa ametupa mgongo, anasugua, maji yanaruka, redio ya simu yake inaimba. Hakuwa ameona chochote.

"Nina galoni kwenye buti," nikanong'ona. "Haijafunguliwa. Tunafunga koki, tunajaza, dakika tano. Hili jerikani naondoka nalo mimi. Nani atajua?"

Alimtazama binti yake, akalitazama jerikani, akanitazama.

"Oili yako ni namba gani?"

Nikamtajia. Ilikuwa ile ile anayoitumia. Akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaanza kutembea kuelekea kwenye buti. Nilikuwa nimeshafungua nilipomsikia anasukuma fito, kisha mlio mdogo wa pini ikiingia. Nilipogeuka na galoni mkononi, alikuwa anafunga kifungo cha juu cha shati.

"Zaina! Kuja hapa."

"Nakuja, Baba, bado viti saba."

"Kuja sasa."

Alikuja na povu mpaka viwikoni. Afande alisimama wima, mguu mbovu na mzima imeungana, mikono imenyooka ubavuni. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya mtu namna ile, hata wakubwa waliokuja kumtembelea.

"Nimemimina oili mpya koki ikiwa wazi," alisema. "Lita nne zimeharibika. Hii ni mara ya pili. Ya kwanza sikuripoti."

Zaina alitazama chini, akaona udongo.

"Ya kwanza ilikuwa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Uliwasha injini?"

"Leo hapana."

"Siulizi leo."

"Ile siku niliwasha. Kidogo. Taa ya oili ilikuja, nikazima."

"Kidogo ni ngapi, Baba?"

"Mpaka kumi. Nilihesabu baadaye, kichwani."

Zaina akafumba macho, akayafumbua. Nilidhani atafoka, na nafikiri Afande alitaka afoke. Alitia mkono mfukoni akatoa funguo, akazishika kwenye kiganja kilichofunguka. Zaina akafuta mikono kwenye gauni, akazichukua. Akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, akakaza.

"Na gari?" Afande akauliza. "Unaiuza lini?"

"Nani amesema naiuza leo? Nina harusi ya Kireka Jumamosi, viti mia mbili. Nitabeba kichwani?" Akanigeukia. "Kaka, hiyo galoni unaipeleka wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Basi leta." Akaingia chini ya boneti, akatazama vyuma vyote vile vya baba yake kama mtu aliyeingia jikoni kwa mwenzake. "Haya. Wewe sema, mimi nafanya. Naanza wapi?"

Afande hakuzoea kusema. Alianza kuelekeza kwa kidole, Zaina akamwambia hapana, kwa mdomo. Akajaribu. Maneno yalimtoka moja moja, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kiingereza cha karakana ya polisi, na mara mbili alisimama akitafuta jina la kitu alichokitengeneza mwenyewe. Zaina alisubiri. Alimimina, akapima, akamimina tena. Alipomaliza alikuwa na oili shavuni, na Afande alikuwa anatoka jasho kuliko yeye.

"Umesukuma fito?"

"Nimesukuma."

"Pini?"

"Iko ndani."

Nilijua kitakachofuata. Miaka yote, mtu akimwambia kitu kimefungwa, Afande alikwenda kukishika. Niliona mguu wake mzima unaondoka. Akaurudisha. Akavuta kiti kimoja kwenye mstari wa viti vilivyooshwa, akakaa, ingawa kilikuwa bado na maji, na suruali ikalowa.

"Basi," akasema. "Washa."

Zaina akafungua fundo la kitenge, akaingia ndani, akawasha.